Usukani wa Fimbo, wa Kabari au wa Kubana: Ulinganisho kwa Mwenye Baiskeli wa Tabora

Mtu anayeingia duka la vipuri mjini Tabora kutafuta usukani mpya wa baiskeli huulizwa kwanza anataka wa umbo gani, naye mara nyingi hunyoosha kidole kwenye ule unaong'aa kuliko yote. Swali la umbo lina nafasi yake, lakini si la kwanza. La kwanza ni namna usukani utakavyoshikwa na baiskeli. Usukani haumwangushi mtu kwa sababu ya umbo lake. Humwangusha kwa sababu shingo, yaani kipande kinachounganisha usukani na baiskeli, imechomoka ndani ya foko inayoshika gurudumu la mbele, au bomba la usukani limezunguka ndani ya kibano kinacholishika kwenye shingo, au chuma kimekatika ukingoni mwa kibano hicho baada ya kuliwa na kutu au kuchoshwa na mzigo. Kwa hiyo nalinganisha hapa aina tatu za usukani kwa kuangalia maungio yake, kisha umbo na upana vitafuata.

Aina ya kwanza ni usukani wa fimbo, ule wa baiskeli kubwa nyeusi za rimu za inchi 28 zinazobeba magunia ya mkaa, mahindi na madumu ya maji katika njia za Uyui, Sikonge na Urambo. Usukani na shingo yake ni kipande kimoja kilichounganishwa kwa moto kiwandani, na breki huvutwa kwa fimbo za chuma badala ya waya. Aina ya pili naiita ya kabari: bomba la usukani ni kipande chake, shingo ni kipande chake, na shingo huzama ndani ya bomba la foko na kushikwa humo na kabari inayovutwa na bolti ndefu. Baiskeli nyingi za gia za bei ya kawaida, za watoto na za mtumba kutoka Japani ni za aina hii. Usukani wa fimbo nao hushikwa na kabari ndani ya foko, isipokuwa unatofautiana na huu kwa breki na kwa kukosa kibano. Aina ya tatu ni ya kubana, ambayo shingo yake haizami ndani ya foko bali hulivaa bomba la foko kwa nje na kulibana kwa bolti mbili za ubavuni. Hii hupatikana kwenye baiskeli mpya za milimani na za mashindano.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa baiskeli ya kazi, inayobeba mzigo na kutengenezwa chini ya mwembe na fundi mwenye spana chache, shingo ya kabari yenye usukani wa chuma na breki za waya inafaa kuliko nyingine, mradi baiskeli hiyo iliundwa tangu mwanzo kwa breki za waya. Mwenye baiskeli ya fimbo abaki na fimbo, kwa sababu nitakazozieleza. Na mwenye shingo ya kubana anayo iliyo imara kuliko zote, lakini inadai utaratibu ambao haukubali njia ya mkato.

Kipimo kabla ya fedha

Vipimo vya usukani hukaribiana kiasi kwamba macho hayawezi kuvitofautisha, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Shingo ya kabari inayoingia kwenye foko ya inchi moja huwa na kipenyo cha milimita 22.2. Ile ya foko ya inchi moja na moja ya nane huwa na milimita 25.4. Zipo pia shingo za milimita 21.1, hasa kwenye baadhi ya baiskeli za watoto na za michezo. Ukiitia shingo ya 21.1 kwenye tundu la 22.2, itaingia, bolti itakaza, na fundi asiyepima ataamini kazi imekwisha, kumbe kabari inashika kwa ubavu mmoja tu na siku ya shimo kubwa itaachia.

Kibano kinachoshika bomba la usukani nacho kina vipimo vyake. Mabomba ya kawaida huwa na milimita 25.4 katikati, mengi ya kisasa ni 31.8, na yapo ya 26.0 yaliyotokana na baiskeli za mashindano za zamani. Bomba la 25.4 ndani ya kibano cha 26.0 hukubali kufungwa, lakini litazunguka utakapofunga breki kwa nguvu au kusimama juu ya pedali. Kujaza pengo hilo kwa kipande cha kopo la soda ni jambo ambalo namwomba kila fundi aliache, kwa kuwa bati hilo jembamba hujikunja na kusagika kidogokidogo, na usukani unarudi kulegea bila dalili ya nje. Mahali pa kushika mikono, mabomba manyoofu na yaliyopinda kurudi nyuma huwa na milimita 22.2, na yale ya mashindano yenye pembe zilizoinama huwa na 23.8, kwa hiyo mikono ya breki ya aina moja haikai kwenye nyingine.

Asiye na kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo, asikate tamaa. Achukue ukanda mwembamba wa karatasi, auzungushe mara moja kwenye bomba, aweke alama pale unapokutana, kisha apime urefu wake kwa rula. Bomba la 22.2 litatoa takriban milimita 70, la 25.4 karibu 80, la 26.0 kama 82, na la 31.8 takriban 100. Tofauti ambayo kalipa huionyesha kwa sehemu ndogo ya milimita, karatasi huionyesha mara tatu zaidi. Njia hii ni nafuu, na inatosha kukuzuia kurudi dukani na usukani usioingia.

Fimbo au kabari yenye waya

Watu wengi wenye baiskeli kubwa nyeusi hutamani kubadili usukani wa fimbo na kuweka mnyoofu wa kisasa. Wanaona shingo ya milimita 22.2 inaingia vizuri kwenye foko yao na wanadhani mambo yameisha. Tatizo liko chini zaidi, kwenye rimu. Breki ya fimbo huinua raba kutoka chini na kuzibana kwenye uso wa ndani wa rimu, ule unaotazama spoki, na rimu za baiskeli hizi zimetengenezwa kwa kazi hiyo: mbavu zake ni za mviringo. Breki za waya za kawaida hubana rimu kwa pembeni, na zinahitaji ubavu uliosawazika. Ukifunga usukani mnyoofu na breki za waya juu ya rimu za mviringo, raba zitagusa kwa mstari mwembamba, zitalika upande mmoja na zitakunyima nguvu ya kusimama ukiwa na gunia nyuma. Kubadili usukani kwa usalama, basi, ni kubadili pia rimu, pengine na spoki zake, na gharama hiyo mara nyingi humfanya mtu ajute kwa nini hakununua usukani mwingine wa fimbo.

Zaidi ya hilo, usukani wa fimbo una wema wake ambao hauonekani mpaka uulinganishe. Kwa kuwa shingo na bomba ni kipande kimoja, hakuna kibano cha kulegea na bomba haliwezi kuzunguka. Fimbo hazikatiki uzi mmoja mmoja kama waya. Ubaya wake ni kwamba huwezi kubadili pembe ya mikono, na kila ukigusa kimo cha usukani unagusa breki.

Jambo hili la mwisho lazima nilikazie, kwa sababu ndilo linalosahaulika zaidi. Ukiupandisha usukani wa fimbo kwa sentimita mbili, umezivuta fimbo juu kwa kiasi hichohicho, na raba zitasugua rimu muda wote. Ukiushusha, fimbo zinalegea, na mkono wa breki utafika kwenye mpini kabla raba hazijagusa kitu. Kwa hiyo kabla ya kubadili kimo, legeza kwanza kiungio cha fimbo ya mbele na kile cha nyuma, panga usukani na uukaze, kisha ndipo urekebishe fimbo hadi raba zikae milimita mbili au tatu kutoka kwenye rimu. Fundi anayekaza usukani na kukuambia breki utazipanga mwenyewe nyumbani amekuachia nusu ya kazi iliyo muhimu zaidi.

Kwa upande wa waya, kupandisha usukani hufupisha nafasi ya waya, na kasoro yake hujificha hadi unapokata kona. Geuza usukani hadi mwisho kulia, kisha hadi mwisho kushoto, huku ukizungusha gurudumu la mbele na mwenzako akizungusha la nyuma. Raba zikigusa rimu upande mmoja, waya ni mfupi na unapaswa kubadilishwa pamoja na ganda lake. Hiyo ni kazi ndogo, na vipuri vyake hupatikana kwa urahisi. Ndiyo maana nasema kwamba kwa baiskeli iliyozaliwa na rimu za breki za waya, kabari na waya ni rahisi kuitunza kuliko fimbo.

Kabari au kubana

Hapa ulinganisho unakuwa mzito, kwa sababu aina hizi mbili huonekana kufanya kazi moja na hufanya kwa njia zinazopingana.

Kabari hushika kama kabari ya mpasua magogo: kadiri bolti inavyokazwa, kabari hupanda, husukuma kuta za bomba la foko kutoka ndani na kujibana humo. Nguvu yote iko mahali usipopaona. Kwa hiyo usalama wake hutegemea mambo mawili yanayopimika, yaani kina na usafi. Kila shingo ya kabari iliyotengenezwa vizuri ina mstari au neno lililochongwa kuonyesha mwisho wa kupandisha, na mstari huo usionekane kamwe usukani ukiwa umekazwa. Viwango vya kimataifa vya baiskeli vinadai kina hicho kisipungue mara mbili na nusu ya kipenyo cha shingo, ambacho kwa shingo ya 22.2 ni takriban milimita 56 na kwa 25.4 takriban milimita 64. Shingo iliyokwaruzwa hadi alama ikafutika, ipimie milimita 65 kutoka mwisho wa bomba lake, bila kuhesabu kabari yenyewe kama inaning'inia chini ya bomba, kisha uweke alama yako mwenyewe. Kuna sababu nyingine ya kuizamisha vya kutosha: sehemu ya juu ya bomba la foko ina nyuzi za nati kwa nje, na kuta zake hapo ni dhaifu. Kabari inayosukuma katikati ya nyuzi hizo inaweza kulipasua bomba la foko, na mpasuko huo hauwezi kuonekana mpaka baiskeli ifunguliwe.

Kulegeza kabari kunataka subira. Legeza bolti mizunguko mitatu au minne tu hadi kichwa chake kiinuke, weka kipande cha mbao juu ya kichwa hicho, kisha gonga mara moja au mbili kwa nyundo ili kabari ishuke. Usiitoe bolti yote kabla ya kuchomoa shingo, kwa kuwa kabari itabaki ndani ya bomba na itakulazimu kuipindua baiskeli. Bana gurudumu la mbele kati ya magoti, zungusha usukani huku na huku ukiuvuta juu, na utatoka. Usipotoka, kutu imeshika. Mimina mafuta ya kulainisha, subiri usiku mzima, na usiipige shingo kwa nyundo moja kwa moja. Kabla ya kuirudisha, futa shingo na tundu lake kwa kitambaa kikavu, kisha paka grisi nyembamba kwenye shingo, kwenye kabari na kwenye nyuzi za bolti. Wapo wanaoogopa kwamba grisi itaifanya iteleze. Haitelezi, kwa sababu inashikwa na msukumo wa kabari, na grisi hiyo ndiyo itakayokuwezesha kuitoa tena baada ya masika mawili.

Shingo ya kubana ni kinyume. Kila kitu kiko nje na kinaonekana: bolti mbili ubavuni hubana bomba la foko, ambalo kwa kawaida lina milimita 28.6, na bamba la mbele lenye bolti mbili au nne hushika usukani. Juu kabisa kuna kifuniko chenye bolti yake, na hiki ndicho kinachowapotosha watu. Kifuniko hakishiki usukani. Kazi yake ni kuibana shingo ishuke na kuzikandamiza gololi za foko, zile zinazoiwezesha kuzunguka, zisicheze, basi. Mtu anayeona usukani wake unalegea na kukaza kifuniko cha juu kwa nguvu zake zote anaziumiza gololi na kuuacha usukani ukiwa huru kuzunguka, hata gurudumu likaelekea kulia wakati mikono inaelekea kushoto.

Utaratibu wake sahihi una mpangilio usiobadilika. Legeza bolti za ubavuni kwanza. Fungua kifuniko, huku baiskeli ikiwa imesimama kwa magurudumu yake chini, kwa maana foko sasa haina kinachoizuia isitoke. Hamisha pete za kuongezea kimo, ziwe juu au chini ya shingo kama unavyotaka. Hakikisha kwamba ukingo wa bomba la foko uko milimita mbili au tatu chini ya ukingo wa shingo, au wa pete ya juu kama ipo, la sivyo kifuniko kitagonga bomba na hakitakandamiza kitu. Kaza kifuniko kidogokidogo hadi mchezo wa gololi uishe na foko bado izunguke kwa wepesi. Linganisha shingo na gurudumu. Mwisho kabisa, kaza bolti za ubavuni kwa zamu, kidogo huku, kidogo huku.

Tofauti ya matumizi hutokana na hapo. Kwenye kabari, gololi zina nati zake kubwa, za spana ya milimita 32 au 36, ambazo hazihusiani na shingo, kwa hiyo unaweza kupandisha usukani asubuhi na kuushusha jioni bila kuzigusa gololi. Watoto wanaokua na baiskeli inayotumiwa na baba, mama na kijana wa nyumba moja hunufaika sana na jambo hilo. Kwenye kubana, kila badiliko la kimo ni kazi ya kupanga gololi upya, na mwisho wa kimo ni urefu wa bomba la foko: likishakatwa halirefushwi. Kwa upande mwingine, shingo ya kubana yenye bamba la bolti nne hukuruhusu kutoa usukani bila kuondoa mipira ya mikono wala breki, ilhali ile ya kabari yenye bolti moja hukulazimu kuvua kila kitu cha upande mmoja na kulipitisha bomba kwenye tundu la kibano.

Sasa kuhusu nguvu ya kukaza, ambapo hasara nyingi hutokea. Bolti ya kabari ni kubwa, na kwa kawaida hukazwa kwa nyutonimita 15 hadi 20. Bolti za shingo ya kubana ni ndogo, na nyingi zina maandishi ya nyutonimita 4 hadi 6 yaliyochapwa kando yake. Kwa mkono, nyutonimita 20 ni sawa na kuvuta kilo kumi hivi mwishoni mwa spana ya sentimita 20, na nyutonimita 5 ni kilo tano tu kwenye ufunguo wa pembe sita wenye sentimita 10. Fundi aliyezoea kabari, akishika shingo ya kubana kwa mkono uleule, atakata nyuzi za bolti au kupasua bamba. Aliyezoea kubana ataiacha kabari ikiwa legevu. Bamba la bolti nne likazwe kwa mkingamo, na nafasi ya juu na ya chini kati ya bamba na shingo zilingane, isipokuwa kama mtengenezaji ameandika vinginevyo.

Ndiyo maana naitanguliza kabari kwa baiskeli ya kazi. Si kwamba ni imara zaidi, la. Shingo ya kubana ni ngumu zaidi na huonyesha kasoro zake mapema. Lakini kabari husamehe spana malaya, ile ya kurekebisha upana, na mkono mzito, na kubana hakusamehi. Ukiwa Kaliua au Sikonge na ufunguo wako wa pembe sita umechakaa ukamomonyoa kichwa cha bolti ndogo, safari imesimama hapo.

Chuma au alumini

Sumaku itakuambia kipi ni kipi. Usukani wa chuma ni mzito, hushika kutu, na kwa kawaida hupinda kabla ya kukatika, kwa hiyo hukupa onyo. Usukani wa alumini ni mwepesi na hauliwi na kutu kama ile ya chuma, lakini huchoka kwa kila mtikisiko na siku ya kukatika hukatika ghafla. Chuma kikaguliwe ndani ya kibano na chini ya mipira ya mikono, mahali jasho na maji ya mvua hukaa. Alumini ikaguliwe kwa mikwaruzo mirefu na nyufa nyembamba ukingoni mwa kibano, ibadilishwe baada ya ajali yoyote nzito hata kama inaonekana nzima, na isinyooshwe kamwe ikishapinda. Kwa mwenye kubeba mzigo nachagua chuma bila kusita.

Umbo, upana na kimo

Njia nyingi za Tabora ni tambarare, na adui wake ni mchanga. Gurudumu la mbele likizama kwenye mchanga wa njia ya Ipuli au ya Igombe hutaka kugeuka lenyewe, na usukani mpana huipa mikono nguvu ya kulizuia. Sentimita 60 hadi 68 zinatosha kwa watu wazima wengi. Zaidi ya hapo utaanza kugonga miti ya kando ya njia za porini na watu sokoni. Usukani uliopinda kurudi nyuma, kama ule wa baiskeli za Japani, humkalisha mtu wima na kupumzisha mgongo na viganja, nao unafaa kwa safari za mjini, lakini hauna nguvu hiyo kwenye mchanga. Ukiamua kuukata usukani mrefu, kata kiasi sawa pande zote mbili na ulainishe kingo kwa tupa.

Kimo kinahitaji hesabu zaidi ya starehe. Kuuweka usukani sawa na siti au juu yake kidogo ni mwanzo mzuri kwa safari za kawaida, viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo. Mwenye gunia kwenye keria, hata hivyo, tayari ana gurudumu la mbele lililo jepesi, na akipandisha usukani juu sana mwili wake unarudi nyuma na kulipunguzia gurudumu hilo uzito uliobaki, hadi usukani uanze kuyumba kwenye mwendo mdogo. Kwa mzigo mzito, shusha usukani kidogo. Na madumu mawili ya lita 20 yaliyoning'inizwa kwenye usukani ni kilo 40 zinazobembea juu ya kibano na kabari. Mahali pake ni kwenye keria.

Kigoma ni habari nyingine. Anayeteremka kutoka Mwanga kuelekea stesheni, au anayetoka vilima vya Manyovu, anahitaji breki kuliko anavyohitaji starehe ya mgongo, na huko nisingeupendekeza usukani wa fimbo kwa mtu anayenunua baiskeli upya. Breki za waya zenye rimu zake, usukani mnyoofu na kimo kisichozidi siti ndivyo vinavyofaa mteremko.

Kabla ya kupanda

Majaribio ni yaleyale kwa aina zote tatu, na hayachukui dakika tano. Bana gurudumu la mbele kati ya magoti na uzungushe usukani kwa nguvu ya mikono yote miwili: usigeuke peke yake. Egemea ncha zake kwa uzito wa mwili: bomba lisizunguke kwenye kibano. Funga breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma: ukisikia kitu kikigonga kidogo kwenye shingo, gololi zina mchezo. Rudia haya baada ya siku chache za matumizi, kwa kuwa bolti mpya hukaa vizuri na kuacha nafasi.

Halafu tazama ncha za usukani. Bomba lililo wazi, ambalo mpira wake umechanika mwishoni, ni kisu cha duara. Mtoto anapoanguka na usukani ukageuka, ncha hiyo humchoma tumboni, na majeraha ya ini, wengu na kongosho yanayotokana na hilo yanafahamika vizuri kwa madaktari, hata pale ngozi inapoonyesha alama ndogo tu. Mtoto aliyeangukia usukani kwa tumbo apelekwe hospitali ingawa anasema hajambo. Ziba kila ncha kwa kifuniko chake, na kikikosekana, kwa kipande cha mti kilichochongwa kikaingia kwa kubana, kisha uvishe mpira mzima juu yake. Mipira hiyo ivishwe kwa maji au spiriti, si kwa mafuta wala grisi, kwani mpira uliopakwa mafuta utachomoka mkononi siku ya mteremko.

Anayenunua kwa ajili ya mtoto achague kabari, kwa sababu ya kimo kinachobadilika, na usukani wa chuma usio mpana. Mwenye baiskeli nyeusi ya mizigo anunue usukani mwingine wa fimbo wenye kipenyo kilekile cha shingo, na fedha iliyobaki anunue raba mpya za breki. Mwenye baiskeli ya gia ya kabari ambaye kibano chake kimechakaa anunue shingo na bomba kwa pamoja ili vipimo vilingane. Na aliyepata baiskeli ya kubana ambayo bomba la foko lilikatwa fupi kwa mtu mwingine, anaweza kutafuta shingo iliyoinama kwenda juu zaidi, au usukani wenye mabega yaliyopanda, kabla ya kufikiria kipande cha kurefusha shingo. Kipande hicho huongeza kiungo kimoja zaidi cha kukaguliwa, na kwa baiskeli ya mzigo mimi nisingekifunga.